Kazi ya Mwanafunzi Kwenye Mizani: Nani Analipa?

Promosheni ya wanafunzi 80, silabusi ya kurasa 90. Zidisha: kurasa 7,200. Zikichapwa upande mmoja, ni zaidi ya rimu 14 za karatasi. Zikichapwa pande zote mbili, ni zaidi ya rimu 7. Hilo ni somo moja, muhula mmoja, na mwalimu bado hajatoa hata swali moja la kufanyia kazi nyumbani.

Nani analipa? Chuo hakilipi, na mwalimu halipi. Analipa mama anayelima mihogo na karanga upande wa Kabambare, au kaka aliyeko kwenye shimo la dhahabu Salamabila, ambaye amemtuma mdogo wake kusoma Kasongo, Kindu, Kalemie au Bukavu. Wizara ya elimu ya juu imekataza mara kwa mara mwalimu kumlazimisha mwanafunzi kununua silabusi. Lakini hata pasipo na kulazimishwa, mashine ya fotokopi hainywi maji. Inakunywa mafuta ya jenereta, na mafuta yana bei.

Salamabila hakuna anayetaja bei kabla dhahabu haijakaa kwenye mizani. Mnunuzi hupuliza vumbi, hupima, ndipo mazungumzo huanza. Sisi walimu wa vyuo hatuna desturi hiyo. Tunatoa kazi kama ilivyotolewa kwetu tulipokuwa wanafunzi, bila kujiuliza ina uzito gani mfukoni mwa anayeifanya, wala mabegani mwa atakayeisahihisha. Makala hii inaziweka kwenye mizani moja kazi za kawaida, kazi za ubunifu, na vifaa vya kumsaidia mwalimu.

Tumepimaje?

Hatukupima kwa franka. Bei ya ukurasa Kasongo si bei ya ukurasa Salamabila, na ya leo huenda isiwe ya mwezi ujao. Tumetumia vipimo visivyopanda wala kushuka: kurasa, mega, saa za mwalimu na wati za umeme. Wewe msomaji zidisha kwa bei ya duka la kwenu.

Mfano wetu ni promosheni ya watu 80, na pale penye kundi, makundi 16 ya watu watano watano. Dakika za kusahihisha ni makadirio ya mwalimu anayesoma kweli, si anayepima unene wa karatasi kwa kidole. Tumeongeza swali la mwisho ambalo halina kipimo lakini linaamua mengi: je, kazi hii inaweza kunakiliwa?

Kuna sababu ya kulipima jambo hili sasa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat). Mwaka mmoja una krediti 60, na ndani ya krediti hizo zimo saa ambazo mwanafunzi anajifanyia kazi mwenyewe, zile tunazoziita TPE. Maana yake kazi za nje ya darasa si pilipili ya kuongeza ladha tena. Ni sehemu ya chakula chenyewe, na lazima mtu fulani azipange.

Matokeo kwa ufupi (watu 80)

| Aina ya kazi | Kurasa | Saa za mwalimu | Kunakiliwa |
|---|---|---|---|
| Silabusi ya kurasa 90 na mtihani wa kukariri | 7,200 | 13 na dakika 20 | rahisi |
| Kazi ya kurasa 12, kila mtu yake | 960 | 20 | rahisi |
| Kazi ya kurasa 12, kwa makundi | 192 | 5 na dakika 20 | rahisi sana |
| Ukurasa mmoja, kila mtu wake | 80 | 5 na dakika 20 | wastani |
| Daftari la soko, kwa makundi | 16 | 4, na mazungumzo darasani | vigumu |
| Sauti ya dakika 5, kwa makundi | 0 | 4 | vigumu |
| Makala ya Wikipedia ya Kiswahili, kwa makundi | 0 | 2 na dakika 40, kabla ya kupandisha | wastani |

Kazi ya kurasa 12: inayojulikana, na inayochosha

Kila mtu akiandika kurasa 12, na mwalimu akitumia dakika 15 kwa kila moja, ni saa 20 kamili. Asistanti anayefundisha masomo matatu hana saa 20. Basi hutokea mojawapo ya mawili: kazi hazisomwi, au zinageuzwa kuwa za kundi.

Kwa kundi, hata mwalimu akitumia dakika 20 kwa kila kazi, kurasa zinashuka hadi 192 na saa zinashuka hadi tano na kidogo. Kwa macho ya haraka ni biashara nzuri. Lakini sote tunajua kundi la watu watano linavyofanya kazi: mmoja anaandika, wa pili anatoa pesa ya kuchapa, watatu wanatoa majina. Mwaka mmoja nilipokea kazi 16 za makundi, na katika tatu kati yake nikakuta kosa lile lile la tahajia, katika neno lile lile, kwenye mstari ule ule. Sikuwaadhibu. Swali lenyewe nilikuwa nimelirithi, na jibu lake lilikuwa limeshazunguka kwa miaka.

Hukumu yetu: si ghali kwa mwalimu, lakini wanaojifunza ni wachache kuliko wanaolipa.

Ukurasa mmoja: mshindi wa kimya

Angalia tena jedwali. Ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi, dakika nne za kuusoma, unamchukua mwalimu saa tano na dakika 20, sawasawa na kazi ya makundi. Kurasa zenyewe ni 80 badala ya 192. Na wote 80 wameandika, si 16.

Siri iko katika swali. Ukurasa mmoja wa "fafanua maendeleo vijijini" ni upuuzi mfupi badala ya upuuzi mrefu. Lakini mwambie mwanafunzi wa uchumi aandike barua ya ukurasa mmoja kwa msimamizi wa soko, akipendekeza badiliko moja na kutaja gharama yake. Mwambie wa sheria aandike ushauri kwa mjane ambaye shamba la mumewe limeangukia ndani ya kibali cha mgodi. Mwambie wa uuguzi aandike maelezo ambayo mama asiyejua Kifaransa atasomewa akaelewa. Hapo ufupi unakuwa mgumu kuliko urefu, kwa sababu hakuna pa kujificha.

Karatasi ya daftari na kalamu vinatosha. Si lazima ichapwe.

Daftari la soko: bei ndogo, mavuno makubwa

Kila kundi linachagua bidhaa tano: mchele, mafuta ya mawese, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, chochote. Kwa wiki nne linaandika bei siku ile ile ya wiki, kwa muuzaji yule yule, kwa kipimo kile kile. Mwishoni linaleta ukurasa mmoja wa maelezo na kusimama dakika kumi mbele ya wenzake. Kurasa zote ni 16.

Mwanafunzi wa takwimu anapata wastani na mtawanyiko kutokana na namba alizozitafuta mwenyewe. Wa uchumi anaona bei ikipanda mvua ikikata barabara. Wa historia anauliza wazee bei zilikuwaje wakati kampuni ya Banro ilipokuwa ikichimba Namoya, kabla ya kusimamisha shughuli 2019, na nyuma zaidi, enzi za kampuni ya madini ya SOMINKI iliyoundwa 1976. Hakuna anayeweza kunakili daftari la mwaka jana, maana bei ya mwaka jana si ya mwaka huu. Hakuna akili bandia inayoweza kulibuni bila kuumbuka, kwa sababu muuzaji yupo na anaweza kuulizwa.

Gharama iliyofichika ni usalama. Salamabila imeona mapigano ya wanamgambo wa Mai-Mai Malaika na jeshi, na mashimo ya dhahabu si mahali pa kumtuma mwanafunzi na daftari kwa ajili ya alama. Soko linatosha. Kituo cha afya kinatosha. Nyumbani kunatosha. Kazi iwe na njia ya pili kwa asiyeweza kusafiri, na majina ya walioulizwa yasiandikwe. Mwalimu asiyeweka masharti haya ameipunguzia kazi bei kwa kumbebesha mwanafunzi hatari.

Sauti ya dakika tano: lugha ya nyumbani, alama ya chuoni

Sauti iliyorekodiwa kwa mtindo wa ujumbe wa WhatsApp ni nyepesi mno. Dakika tano hazifiki hata mega moja. Makundi yote 16 yatamletea mwalimu mega kama kumi hivi. Video ya dakika hizo hizo inaweza kula mara mia ya hapo. Kwa hiyo anayesema "nileteeni video" kwa sababu inapendeza, ajue anawakata wanafunzi mega ambazo wangesomea mwezi mzima.

Kazi yenyewe ni hii: kundi linamhoji mtu mmoja anayejua jambo, linapunguza mahojiano hadi dakika tano, na linaongeza utangulizi na hitimisho lake. Mwalimu anasikiliza mara mbili, anaandika maoni dakika tano: robo saa kwa kundi, saa nne kwa darasa zima.

Faida yake kubwa haiko katika mega. Chuo kinafundisha kwa Kifaransa, lakini maarifa mengi ya Kasongo na Kabambare yanaishi katika Kiswahili chetu, na mengine katika Kibangubangu. Ruhusu mahojiano yafanyike kwa Kiswahili, na uchambuzi uandikwe au usemwe kwa Kifaransa. Mwanafunzi anayeweza kuhamisha hoja kutoka lugha moja hadi nyingine ameielewa. Aliyekariri Kifaransa cha silabusi huenda hajaielewa. Ruhusa hiyo haimgharimu mtu senti.

Makala ya Wikipedia: bure, ila inahitaji subira

Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu 2003, na maeneo yetu bado yana mengi ya kuandikwa. Kundi linaandika maneno 300 juu ya mto, mji au zao, likitegemea vitabu na makala zilizochapishwa, si hadithi ya kijiweni. Wanaandika kwenye simu bila mtandao. Mwalimu anakusanya, anasahihisha, kisha siku moja yenye mtandao zinapandishwa zote kwa pamoja.

Tatizo ni vyanzo. Hapa Kasongo ina hazina ambayo walimu wengi hawaitumii. Kuanzia 1971, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerpen iliendesha hapa Mradi wa Kasongo wa huduma za afya za msingi, na matokeo ya utafiti wake juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo yalichapishwa 1981 katika jarida la Lancet. Dunia nzima imesoma juu ya watoto wa Kasongo. Mwanafunzi wa afya wa Kasongo anaweza kumaliza masomo bila kusikia habari hiyo. Makala moja kama hiyo ikinakiliwa mara moja tu na kusambazwa kwa simu ni somo la kiwango cha juu kwa bei ya karanga.

Sasa vifaa: cha kununua na cha kuacha

Kadi ya kumbukumbu yenye Kiwix. Programu hii haina malipo, na inasoma Wikipedia bila mtandao. Wikipedia nzima ya Kifaransa pamoja na picha inazidi gigabaiti 30. Kadi ya gigabaiti 64 inaibeba. Ya Kiswahili ni ndogo sana, inaingia karibu simu yoyote. Mambo mawili ya kukuepusha na hasara: kadi iandaliwe kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na toleo la Kiwix la Play Store limewekewa mipaka ya kusoma mafaili ya kadi, basi chukua lile la tovuti ya Kiwix yenyewe. Usipakue gigabaiti 30 kwa mega za simu. Mtafute aliye nayo Bukavu au Kindu umwombe nakala. Leseni ya Wikipedia inaruhusu kunakili.

Kundi la WhatsApp. Tunalo tayari, na kosa letu ni kulitumia kama ubao wa matangazo. Mwalimu aweke sheria tatu: maandishi na sauti tu, picha kwa ruhusa, na kila mwanafunzi azime upakuaji wa moja kwa moja. Kumbuka asiye na simu janja. Yupo katika kila promosheni, na huwa hasemi.

Kisanduku cha darasa. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ikiwekewa Kolibri au Internet-in-a-Box, inatoa mtandao wa ndani ambao simu za darasa zinaunganika nao bila mega. Programu zote mbili ni bure. Raspberry Pi 4 ilipotoka 2019 ilianza kwa dola 35, lakini hiyo ni bei ya ubao mtupu: ongeza kadi, chaja, na safari ya kuufikisha hapa. Unakula kama wati 5. Saa sita kwa siku ni wati-saa 30, mzigo ambao hata paneli ndogo ya jua inaumudu.

Starlink. Ilipewa leseni nchini Kongo 2025, na wakuu wa vyuo wengi wanaitamani. Ukiacha bei ya chombo na malipo ya kila mwezi, pima umeme: sahani ya kawaida inakula wati 75 hadi 100. Kwa saa sita ni wati-saa 450 hadi 600, yaani mara 15 hadi 20 ya kisanduku. Ile ndogo, Mini, inakula wati 25 hadi 40. Ni kifaa cha chuo kizima, si cha mwalimu mmoja, na bajeti isiyo na betri na paneli ndani yake haijakamilika.

Akili bandia. ChatGPT ina toleo la bure. Kati ya yale ya kulipia, liitwalo Plus ni dola 20 kwa mwezi, yaani dola 200 kwa miezi kumi ya masomo. Kwa mwalimu wa hapa toleo la bure linatosha: litumie kukutungia maswali matano tofauti juu ya mada moja, au kukusomea vigezo vyako vya kusahihisha na kukuonyesha palipo na utata. Usiliamini juu ya Kabambare bila kuhakikisha. Na kabla ya kutoa kazi yoyote, iulize mashine swali lako mwenyewe. Ikikujibu vizuri, swali lako limekwisha muda wake. Hilo ni jaribio la bure kuliko yote katika makala hii.

Mafunzo na wenzako. Kati ya 2018 na 2021, mradi wa TESCEA uliwaunganisha walimu wa vyuo vikuu vya Mzumbe na Dodoma nchini Tanzania, na Gulu na Uganda Martyrs nchini Uganda. Hawakuanza kwa kununua vyombo. Walikaa pamoja wakayaunda upya masomo yao, wakiuliza mwanafunzi atoke akiwa anaweza kufanya nini. Ndugu zao wa Kasongo hawahitaji ndege kufanya hivyo. Walimu wawili, jioni moja, kila mmoja akifanya kazi ya mwenzake kana kwamba ni mwanafunzi: ndani ya saa moja kila mtu atajua kama swali lake linaeleweka. Mtandao wa watafiti wa AuthorAID nao umewahi kutoa mafunzo ya bure mtandaoni ya uandishi wa utafiti, kwa anayepata intaneti ya kuaminika.

Uchague nini?

Kama una wanafunzi 80 au zaidi na huna kitu mfukoni: ukurasa mmoja kwa kila mtu mara mbili katika muhula, na daftari la soko mara moja. Jumla ni kurasa 176 kwa darasa zima, yaani kurasa mbili na kidogo kwa kila mwanafunzi, na saa 15 hivi za mwalimu.

Kama darasa ni dogo, watu 25 au chini: sauti na makala ya Wikipedia. Utakuwa na nafasi ya kukaa na kila kundi.

Kama kuna pesa ya kununua kitu kimoja tu: kadi ya gigabaiti 64. Kama idara nzima imechanga: kisanduku na paneli yake. Kama ni chuo: kwanza umeme, kisha Starlink, kamwe si kinyume chake.

Na silabusi? Haifi. Ibaki faili moja kwenye simu ya kila mwenye simu, na nakala tatu za karatasi kwa shefu wa promosheni za kuazima. Kurasa 7,200 zinageuka 270.

Turudi kwa yule kaka aliyeko shimoni. Miaka yote mdogo wake amemjia na haja moja: pesa ya kuchapa. Mwezi huu amemjia nyumbani na simu mkononi, akitaka dakika tano tu. Anamwuliza mwamba unasagwaje, zebaki inamwagwa wapi, bei ya gramu inaamuliwa na nani. Kaka anacheka kidogo, anafuta mikono, anaanza kueleza. Fotokopi hakulipa safari hii. Amelipa kwa anachokijua, na jina lake halikuandikwa popote, kama tulivyokubaliana.